Dari, Nyuki na Kuku wa Mama Mkwe

Nyumba tunayoishi Usinge haina paa. Ina sakafu ya ghorofa ambayo haijajengwa. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alimwaga zege lile mwaka ambao tumbaku ilimlipa vizuri, akaacha nondo zimechomoza juu ya kila nguzo ili msimu ujao aendelee kupanda. Msimu ulipofika bei ikawa imeanguka, uliofuata mvua ya mawe ikayachana majani shambani, na mwishowe yeye mwenyewe akatangulia mbele ya haki. Nondo zimebaki zimesimama. Wageni wakiuliza, mama mkwe hujibu kwamba ujenzi unaendelea, na hakuna anayethubutu kumbishia.

Chini ya slabu hiyo, mwezi Oktoba, hakulaliki. Wilaya nzima ya Kaliua huwa inasubiri mvua. Miombo imeshapukutisha majani na kuchipua mapya mekundu, jua liko utosini, hewa haitikisiki. Mchana tunauvumilia chini ya mwembe. Kasheshe ni usiku. Slabu ya sentimita 15 haina haraka: jua la saa nane mchana hulimeza polepole, ikalitema ndani saa moja, saa mbili usiku, wakati nje kumeshapoa na wewe umeshaoga, unatafuta usingizi. Aliyewahi kuingia kwenye bani la kukaushia tumbaku moto ukiwa umekolezwa ameshalala nyumbani kwetu.

Kati yetu na zege lile palikuwa na dari la hadibodi alilolipigilia baba mkwe mwenyewe. Lilikuwa limebonyea katikati ya kila chumba, lina madoa ya kahawia yenye kingo nyeusi, na kila treni ya mizigo ikipita linadondosha vumbi laini kwenye chandarua. Baba watoto alitangaza siku moja, mkono mmoja kwenye ugali na mwingine kwenye simu, kwamba dari linashuka. Na kwa kuwa linashuka, akasema, ni ujinga kupandisha jingine tupu. Tutaweka kizuia joto juu yake, tukiwa tumeshaingia gharama ya fundi na ngazi. Hoja ilikuwa nzuri. Hoja za baba watoto huwa nzuri siku ya kwanza.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akanawa, akasema, “Joto linatoka juu, nyinyi mnakwenda kulizuia chini. Haya.”

Ile “haya” yake naijua. Ndani yake mna kitabu kizima.

Mama alilelewa na bibi yake upande wa Kwihara, karibu na Tabora mjini, ndani ya tembe. Wasomaji wa pwani wenzangu, ambao hawajaliona, waelewe kwamba tembe ni nyumba ndefu ya paa bapa: nguzo za mti mgumu, boriti juu yake, fito zimepangwa kwa kubanana, juu ya fito nyasi au magome, kisha udongo umeshindiliwa kwa unene wa kutosha kupanda mchicha. Kwihara hiyohiyo ndiko kulikohifadhiwa tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, baada ya kutoka Ujiji. Msafiri Burton alipofika Kazeh, hukohuko Tabora, Novemba 1857, wafanyabiashara Waarabu waliompokea nao walikuwa wakiishi kwenye matembe. Hilo mimi ndilo linalonigusa. Watu wale walikuwa na pembe za ndovu mlangoni na misafara iliyowaletea kutoka Unguja na Bagamoyo kila walichotamani, vikombe vya kaure, mazulia, kahawa. Lakini juu ya vichwa vyao walitaka udongo. Walikuwa wameshalala huko Unyanyembe mwezi Oktoba.

Tusilisifu tembe kupita kiasi. Mvua ikikaza linavuja, na linapovuja halitoi maji, linatoa tope. Mchwa wanalipenda. Mbuzi wakipanda juu linaingia shimo. Mama mwenyewe anakumbuka bibi yake akihamisha kitanda kutoka kona moja hadi nyingine usiku wa Machi. Bati lilipofika, watu hawakuhitaji kushawishiwa, na mimi siwalaumu. Ila jambo moja wajenzi wa tembe walilielewa ambalo baba mkwe, na fundi wake wa zege, hawakulishughulikia: unene unaozuia jua unakaa upande wa jua. Udongo ukiwa juu, jua linaupiga udongo, boriti zilizo chini hazijui kinachoendelea. Ukiweka kizuizi chini ya zege, zege lenyewe linaendelea kuchomwa kutwa, linatanuka mchana na kusinyaa usiku, linafanya nyufa, na wewe umejikinga tu usione.

Basi kwa nini tusiweke juu? Mama alipendekeza udongo, tena kwa dhati. Fundi alipiga hesabu kwa kijiti ardhini: udongo wa unene wa sentimita 20, ukishalowa, unaelemea kila mita moja ya mraba kwa zaidi ya kilo 300, na yeye hakuwepo slabu ile ilipofungwa nondo, hajui humo ndani mna nini. Hataki kesi. Baba watoto akapendekeza kenchi na bati juu ya slabu, lenye nafasi ya kupitisha upepo chini yake. Hilo ndilo suluhisho ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelichagua, maana kivuli chenye upepo chini yake kinashinda dawa zote. Lakini kenchi haiwezi kukaa juu ya msitu wa nondo.

“Nondo za mume wangu hazikatwi,” alisema mama.

Kikao kikaishia hapo. Tukarudi chini.

Naomba nieleze kidogo mambo ya foamu, ndiyo kizuia joto tulichochagua, maana yalitugharimu. Yale mabamba meupe yanayofungia televisheni mpya yasipasuke, ndiyo hayohayo, ila yanauzwa kwa karatasi kubwa. Kinachozuia joto humo ni hewa iliyofungwa kwenye vipovu vidogo vidogo isiweze kutembea. Bamba la sentimita 5 linazuia joto sawasawa na zege la unene wa mita 2 hivi. Baba watoto aliipenda sana takwimu hiyo, akawa anawasimulia hadi wateja waliokuja dukani kwetu kununua mbolea. Aliagiza mzigo Dar es Salaam, ukaja kwa behewa, ukatembezwa kutoka stesheni kwa mkokoteni, mwepesi mno kiasi kwamba wasukuma mkokoteni walikataa kuamini kuwa ndani mna kitu na bado wakadai bei ya saruji.

Ndani kulikuwa kumejaa vitanda, ngazi na mbao za paini, hivyo mabamba yakapangwa uani chini ya mwembe, yakafunikwa turubai upande mmoja.

Fundi wetu ni mtani wangu. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi, na utani huo wazee wanasema ulianzia njiani, wapagazi wao walipokuwa wakishuka pwani na meno ya ndovu mabegani na kutukuta sisi kwenye mlango wa bahari tukiwasubiri. Mtani hana adabu wala hatakiwi kuwa nayo. Siku ya kwanza aliingia akatazama dari, akanitazama mimi, akasema, “Mtani, kumbe ndiyo maana umepauka. Wamekukausha wakuuze daraja la kwanza.” Kazi yake lakini haina utani. Kabla hajagusa chochote alivunja kipande cha ubao pembeni, akakiangalia kwenye mwanga, akakinusa. Alitaka kuhakikisha ni hadibodi. Nyumba za zamani, alisema, zina mbao za kijivu za saruji zenye asbesto, na hizo hazipigwi msumeno wala nyundo; vumbi lake likikaa mapafuni halitoki, na ugonjwa wake unaweza kungoja miaka 20, 30 ndipo ujitokeze. Yetu ilikuwa hadibodi ya kawaida, ya karatasi na gundi. Akachomeka mtarimbo.

Kona ya chumba cha wageni ilishuka vizuri. Ya sebuleni ikashuka na kiota cha panya na risiti za chama cha msingi za miaka ambayo hata baba watoto alikuwa hajaanza shule. Chumbani kwetu, kipande cha kwanza kilipofunguka, fundi alisimama juu ya ngazi ameinamisha kichwa, halafu akashuka taratibu, ngazi moja baada ya nyingine, bila kugeuka, akafunga mlango nyuma yake na kutunong’oneza kana kwamba kuna mgonjwa amelala.

“Nyuki.”

Nilikuwa nimewasikia. Kila usiku wa joto kulikuwa na muungurumo mdogo juu ya kitanda, na baba watoto alikuwa ameshaamua kuwa ni transfoma ya jirani. Nyuki huyatunza majana yao kwenye joto la nyuzi 35 hivi, na joto likizidi hujipanga mlangoni na ndani kupepea mabawa ili kuingiza hewa. Kwa hiyo sisi tulikuwa tukijipepea na vipande vya boksi chini ya hadibodi, na wao wakijipepea juu yake, wote tukipambana na slabu ileile. Walikuwa wameingia kwa tundu la waya ambalo fundi umeme fulani aliliacha wazi ukutani. Nyumba iko nchi ya asali, mizinga ya magogo imening’inia msituni kote kutoka hapa hadi mto Malagarasi, na kundi hili likaona heri kupanga kwetu.

Nataka kulisema hili kwa sauti kwa sababu nimesikia watu wakishauri petroli na dawa ya mbu. Mkoani Tabora ni aibu kuua nyuki, na kwenye dari ni hatari juu ya aibu. Kuna mzee mrina asali nyuma ya stesheni. Alikuja kwa miguu na mwenge wake wa magome uliofungwa kwa kamba, akauliza maswali mawili tu: wana muda gani, na tundu liko wapi. Akatuamuru tuhame nyumba nzima mpaka asubuhi, na kuku wafungiwe.

Kuku hawakufungiwa. Kila mtu alidhani mwenzake amewafungia.

Mzee aliingia giza lilipokolea. Tulikaa nje mbali, upande wa duka, tumejifunika kanga na mashuka, tukiona mwanga wa mwenge ukisogea dirishani na moshi ukitoka kwenye kila upenyo. Moshi huwafanya nyuki wajaze matumbo asali wakidhani msitu unaungua, na mwenye tumbo zito hana ari ya kupigana. Tena harufu yake inafunika ile harufu wanayoitoa kuitana vitani. Hiyo ndiyo elimu. Kwa vitendo, baadhi yao walikuwa hawajaisoma. Baba watoto aliyekuwa ameamua kwenda kumshikia mzee ndoo alitoka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwake, akapita kati ya mabamba ya foamu, akayaangusha, turubai likafuatana naye hadi kisimani. Mtani wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha nyuki mmoja akamfikia yeye, nikacheka mimi.

Alfajiri mzee alitoka na ndoo za masega, mengine meupe mapya, mengine meusi ya zamani. Kundi alilihamishia kwenye mzinga wake, malkia akiwemo. Alisugua zege kwa maji ya moto na majivu mahali palipokuwa na nta, kwa sababu harufu ikibaki watakuja wengine, na akaziba tundu kwa saruji mwenyewe kwa kuwa hakutuamini. Ukazuka mjadala wa asali. Baba watoto alishikilia kwamba dari ni lake. Mzee alishikilia kwamba nyuki hawajui hati ya kiwanja. Mama aliumaliza kwa kusema dari ni la mume wake, asali ni yake yeye, akampa mzee nusu na kuipeleka iliyobaki chumbani mwake, chini ya kitanda.

Tukiwa kwenye hayo yote hakuna aliyeangalia uani. Kuna mtu anayeishi na kuku asiyejua habari hii? Mimi sikuijua. Kuku akiona foamu amepagawa. Sijui ni ule mlio wake mdomoni au ni ile namna chembe zinavyobanduka moja moja, nyeupe, nyepesi, zinakimbia naye anazikimbiza. Chakula humo hamna kabisa, ni plastiki na hewa, lakini mwambie yeye. Mabamba yaliyoangushwa na baba watoto yalikuwa yamelala kifudifudi, kuku wa mama wamesimama juu yake, jogoo wa kijivu mbele yao, wanagonga. Kingo zote zilikuwa zimeliwa na kuwa za mawimbi. Baadhi ya mabamba yalikuwa na matundu katikati, unaweza kumwona mtu wa upande wa pili. Upepo wa asubuhi ulikuwa umezoa chembe zilizobaki na kuzipeleka sokoni. Wiki nzima baadaye mwuza dagaa wa pale njiapanda alikuwa bado anazichambua.

“Unaona?” mama aliniambia, akiwa hajali hata kidogo. “Wanyama hawadanganywi. Hicho ni chakula cha kuku.”

Yaliyosalia yalitosha vyumba viwili na sebule. Chumba cha mama ndicho kilichokosa, na alipoulizwa kama tuagize mengine alijibu kwamba hawezi kulala chini ya kitu ambacho kuku wameshakionja.

Nadhani tungepandisha dari jipya wiki hiyohiyo na kuharibu kila kitu, kama mvua isingewahi. Ilikuja Novemba, usiku, na mbwembwe zake zote. Tulikuwa tumelala chini ya zege tupu, nyaya zikining’inia. Saa tisa usiku tone lilinigonga kwenye paji la uso. Nikawasha tochi. Maji yalikuwa yanatoka pale hasa nguzo inapokutana na slabu, yanashuka ukutani kwa mstari mwekundu wa kutu. Tukakagua vyumba vingine: kila penye nguzo, mstari. Ndiyo yale madoa ya kahawia. Miaka yote hiyo tulidhani ni mikojo ya popo.

Hapa ndipo fundi alipoacha utani. Alitueleza kwamba nondo iliyoachwa wazi inakula kutu, kutu inavimba kuliko chuma chenyewe, inaliachanisha zege kandokando, na mwanya huo unakuwa mfereji wa kupeleka maji hadi ndani. Zege likilowa, nondo zilizolala ndani ya slabu nazo zinaanza. Sasa chukua foamu uibandike chini yake, weka jipsamu, paka rangi nyeupe. Hutaona doa tena. Utaona siku slabu itakapobandua vipande au dari litakapokuja mezani na maji yake. Anayefunika zege kwa chini, alisema, kwanza alijue zege lake kwa juu.

Asubuhi tulipanda wote. Mama alitangulia, kwa sababu ngazi ile yeye huipanda kila siku. Juu ya slabu ndiko anakoanika michembe na mihogo, na kamba zake za nguo zimefungwa kwenye nondo. Katikati palikuwa na dimbwi la kuweza kuogeshea mtoto. Fundi aliuliza limeanza lini. Kumbe mama analifahamu siku zote, ndiko anakochota maji ya kuwanyweshea kuku asihangaike kwenda kisimani.

“Mayu,” fundi alimwambia kwa upole, “maji haya ndiyo yanayokula nondo za mzee.”

Alisema hivyo tu. Mama aliitazama nondo iliyokuwa karibu naye, akaishika, akaisugua kwa kidole gumba na kutu ikabaki mkononi. Hakuzungumza mpaka tuliposhuka. Jioni alitupa masharti yake: zisikatwe, ila zisafishwe na kuvikwa, pafanywe mteremko maji yaende, na kamba zake za nguo zirudishwe zilipokuwa.

Kazi ya juu haikuwa na kizuia joto chochote cha kuagizwa. Kila nondo ilisuguliwa kwa brashi ya waya, ikapakwa uji wa saruji. Shingo yake ikachimbwa, ikajazwa, ikazungushiwa lami. Dimbwi liliwekewa chokaa cha mchanga na saruji, mwinamo ukielekea kwenye bomba la kutolea maji, mwinamo wa sentimita 2 kwa kila mita. Halafu tukaanza kungoja, jambo ambalo baba watoto hana kipaji nalo. Zege lililolowa linahitaji majuma kukauka, na ukilizibia chini likiwa na maji umeyafungia humo. Tuliishi bila dari Krismasi nzima. Wageni waliokuja walikaa sebuleni wakitazama juu kwa adabu.

Mvua ilipokatika kidogo, Februari, slabu ilikauka, na fundi akashauri kitu ambacho hakikuwepo kwenye simu ya baba watoto: ipakwe chokaa nyeupe juu yote, chokaa ya kupakia kuta, imekorogwa na chumvi ili ishike. Zege kuukuu lenye ukungu ni jeusi, linanyonya jua. Likiwa jeupe linalirudisha kabla halijageuka joto. Itafutika, alisema, na mtaipaka upya kila mwaka kabla ya Septemba. Ni bei ya soda za kreti moja.

Ndani, foamu iliyosalimika ilibanwa moja kwa moja kwenye zege kwa fisha na skrubu zenye washa pana, bila kuacha mwanya wa hewa kupita nyuma yake, kwani hewa ikipita nyuma umezuia hewa, hujazuia joto. Mapengo yaliyoachwa na midomo ya kuku yalizibwa kwa vipande. Chini yake ikaja karatasi ya kung’aa, uso wake ukitazama chini kwenye nafasi tupu. Watu wengi huibandika ikagusana na ubao, na hapo inakuwa urembo. Mng’ao hufanya kazi palipo na hewa mbele yake, na ukitazama chini haukaliwi na vumbi. Nyaya za umeme zilipitishwa kwenye mabomba, kwani foamu ikigusana na ganda la waya kwa muda mrefu inalikausha na kulifanya lipasuke. Na hakuna taa iliyozamishwa darini, hata moja. Foamu ikishika moto inayeyuka, inatoa moshi mweusi mzito. Ndiyo maana chini ya hayo yote lilikuja bamba la jipsamu, ambalo ndani yake mna maji yaliyofungamana na unga wake, na moto unapaswa uyachemshe kwanza ndipo upite.

Mwisho wa kazi alikuja kuangalia mzee mwingine, aliyewajengea nusu ya wakulima wa huku mabani yao. Hakuulizwa, alikuwa anapita. Alitazama kuta, akauliza, “Hewa inatokea wapi?” Hakuna aliyekuwa na jibu. Kwenye bani, alisema, unaingiza hewa chini na kuitoa juu, ukifunga moja tumbaku inaoza, ukifunga zote inaungua. Sisi tulikuwa tumefunga zote, kwa sababu ya nyuki. Fundi alitoboa matundu juu ya kuta, pande mbili zinazotazamana, akayawekea wavu mwembamba ambao nyuki hapiti.

Oktoba imefika tena na kupita. Vyumba vyenye foamu vinalalika. Bado unajifunika shuka moja na kuifukuza saa nne, lakini unalala. Chumba cha mama, kisicho na foamu, chenye jipsamu tupu, chokaa juu na matundu ukutani, kinalalika vilevile, au tofauti yake ni ndogo mno kwa mtu asiye na kipimo. Baba watoto amenunua kipimo. Anakipeleka chumba hadi chumba usiku, anaandika kwenye daftari la duka, na anasisitiza kuna nyuzi kadhaa ambazo anazihesabu yeye. Mimi naamini chokaa ilifanya kazi kubwa kuliko yote na foamu ikamalizia, lakini sisemi mezani, kwani deni la foamu bado tunalilipa.

Siku ya kumlipa fundi kulikuwa na salio dogo ambalo hatukuwa nalo taslimu. Kwa kuwa ni mtani wangu, alidai jogoo. Mama akaenda mwenyewe bandani na kumletea yule wa kijivu, mkubwa kuliko wote, amefungwa miguu kwa utepe.

Fundi alimpima kwa mkono, akamgeuza, akamtazama usoni.

“Mayu, huyu sitaki. Huyu ana dari tumboni.”

“Ndiyo vizuri,” mama akasema. “Hatasikia joto kwenye sufuria.”

Walibishana mpaka muadhini akaanza. Fundi aliondoka na jogoo mwekundu kwapani na chupa ya asali mfukoni, na alipofika barabarani aligeuka akaniita kwa nguvu, majirani wote wasikie, kwamba Mzaramo ameponea chupuchupu kukaushwa, na mwakani nikitaka chokaa ya pili nianze kumnenepesha wa kijivu kwa mahindi.